Namtilia mume wangu matone ya vitamini D kwenye uji bila yeye kujua

Dada Mshauri shikamoo, pole na kazi ya kusoma shida zetu.

Mi ni mama wa miaka 41, kwetu Tanga, ila nipo Coventry Uingereza mwaka wa tisa sasa. Nafanya kazi nyumba ya wazee, zamu za usiku, mume wangu yuko wehausi, ghala la mizigo, watoto wawili wanasoma. Naomba jina langu usiliweke manake watu wetu hapa tunajuana wote.

Shida yangu imeanzia kwenye mafua. Winta ya mwaka juzi niliugua mara tatu kabla Machi haijafika, na siyo yale mafua ya kupenga kamasi ukaendelea na kazi, ni kile kifua cha kukohoa mpaka mbavu zinauma, unalala umeegemea mito mitatu. Na wakati ule huku ukiugua siku za mwanzo ulikuwa hulipwi, kwahiyo nimelala na homa huku nahesabu, hii ilikuwa ya kodi, hii ilikuwa ya mama. Mama yangu yuko Tanga ana sukari, hela ya dawa zake mi ndo natuma. Kuna mwezi nilituma nusu nkamwambia benki imesumbua. Akaniambia haina neno mwanangu, nitazigawa dawa zinitoshe. Hilo neno "nitazigawa" mpaka leo linanirudia nikiwa kazini usiku.

Mwezi wa tatu huohuo daktari akanipima damu, vitamini D ikasoma 22, akasema iko chini sana. Akanipa vidonge vya nguvu, kimoja kwa wiki kwa wiki sita, alafu akaniambia niendelee na dozi ndogo ya kununua mwenyewe. Dada nilipona! Mapaja yalikuwa yananiuma kila nikipanda ngazi, yakaacha. Na winta iliyofuata, yaani hii ya mwaka jana, niliugua mara moja tu. Huo mwaka ulikuwa na baraka kwa kweli, ndo tulipata nyumba yetu tukatoka kwenye ile tuliyokuwa tunakaa familia tatu choo kimoja, mtoto wangu wa mwisho akamaliza chekechea akaanza shule, na mimi sikuugua. Nikasema dawa ndo hii.

Sasa nina shoga yangu anauza vidonge vya vitamini D vya yuniti 10,000, kimoja kila siku, anavitangaza kwenye grupu la WhatsApp kama kinga ya mafua na korona. Pauni 35 kwa mwezi. Alitutumia ujumbe kwamba Wamasai na Wahadzabe kule kwetu walipimwa wakakutwa na 115, kwahiyo mtu mweusi ndo anatakiwa awe huko juu, hawa wa NHS, yaani hospitali za serikali huku, wanatupimia kwa mizani ya wazungu. Na mimi namuamini, baba alipofariki yeye ndo alizunguka kwenye baridi akakusanya nauli yangu ya kwenda kuzika. Ninakunywa vyake tangu mwezi wa nane, na kijiko cha mafuta ya samaki juu yake.

Mume wangu ndo hataki kusikia. Anasema mi vidonge ninavyo vya kutosha, anamaanisha cha presha, kile anachokunywa asubuhi akifika kazini kazi yake kutafuta choo. Nimembembeleza nimechoka. Kwahiyo tangu Septemba namtilia matone kwenye uji wa ulezi, tone moja ni yuniti 2,000, namuwekea mawili au matatu, nikisikia kazini wameanza kukohoa naweka manne. Wiki iliyopita akaniangalia na bakuli mkononi akasema siku hizi uji wako una mafuta mafuta juu. Nikamwambia ni siagi. Akanywa akamaliza. Dada, tangu siku ile uji nikiukoroga mkono unakuwa mzito.

La mwisho, kazini meneja kabandika karatasi ya kujiandikisha chanjo ya mafua, bure, nesi anakuja mwenyewe. Sijaandika jina. Winta ile niliyougua mara tatu nilichanjwa, siku ya pili nikapandwa na homa. Shoga anasema mwenye vitamini haihitaji. Na nikichanjwa naona kama ntakuwa nimesema vidonge vyake havina kazi.

Sasa nifanyeje, niendelee na vidonge? Nichanjwe? Na mume wangu nimwambie au niache kimyakimya?

Mama wa Coventry

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kuniamini na jambo la ndani ya nyumba yako.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye lile neno la mama, nitazigawa dawa zinitoshe. Nadhani barua yote imesimama hapo. Umeniuliza vidonge, chanjo na mume, lakini mimi nasikia mtu ambaye haruhusiwi kuugua, manake akilala yeye siku tatu kuna mzee Tanga anakata kidonge vipande viwili. Mtu akiwa kwenye hali hiyo akaambiwa kuna chupa ina kinga ndani yake, lazima aishike kwa mikono miwili. Kwahiyo sitakucheka wala sitakugombeza, tuongee taratibu.

Kwanza, hicho kipimo chako kilikuwa cha kweli. Uingereza chini ya 25 wanahesabu ni upungufu, we ulikuwa 22. Ngozi ndo inatengeneza vitamini D ikipigwa na jua, na huko mlipo kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua linakaa chini mno, hata likiwaka halina ile miale inayotakiwa. Na kukaa dirishani hakusaidii, kioo kinaizuia. Sasa we una ngozi nyeusi inayohitaji jua zaidi, pengine unavaa stara (hilo sikwambii ubadilishe), na mchana wenyewe umelala kwasababu ya zamu ya usiku. Ndiyo maana NHS wanashauri kila mtu mzima afikirie kunywa maikrogramu 10 kwa siku, ambazo ni yuniti 400, miezi ya baridi, na sisi weusi wanatushauri tufikirie kunywa mwaka mzima. Kwahiyo vitamini yenyewe siyo uongo, na mapaja yako hayakukudanganya, mifupa na misuli ndo kazi yake hasa.

Ninapotaka tukae kidogo ni kwenye ile hesabu yako ya mara tatu ikawa mara moja. Umesema mwenyewe, labda bila kugundua, kwamba mwaka huohuo mlitoka kwenye nyumba ya familia tatu mkaingia kwenu, na mtoto akamaliza chekechea. Mdogo wangu, mwenye mtoto wa chekechea anajua, kila Ijumaa anarudi na kamasi mpya. Na familia tatu choo kimoja, wote mnashika kitasa kimoja, wote mnapumua hewa moja madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, hapo akikohoa mmoja wamekohoa wote. Je ni vidonge, ni nyumba, ni mtoto, au ni bahati ya mwaka? Mimi siwezi kujua, na nahisi hata we ukijiuliza vizuri hutakuwa na uhakika wa asilimia mia.

Ndo maana watafiti wanachukua maelfu ya watu, nusu wanapewa vitamini, nusu kidonge kitupu kinachofanana nacho, alafu wanahesabu nani kaugua. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha hesabu iliyojumlisha majaribio 25 yenye watu kama 11,000. Kati ya watu 100 waliokunywa kidonge kitupu kama 42 waliugua angalau mara moja, na kwa waliokunywa vitamini D ni kama 40. Faida ilikuwepo lakini ndogo, ilionekana zaidi kwa waliokuwa chini ya 25 kama ulivyokuwa we, na kwa waliokunywa kidogokidogo kila siku au kila wiki, siyo waliobugia dozi kubwa kwa mkupuo. Watu wengi wakashika habari hiyo, na nadhani hata shoga yako ilimfikia kwa njia fulani. Lakini majaribio hayakuishia hapo. Hukohuko Uingereza, kuanzia Desemba 2020, watu zaidi ya 6,000 waliwekwa kwenye jaribio la miezi sita, waliokutwa vitamini iko chini wakapewa yuniti 800 au 3,200 kwa siku, na haikupunguza korona wala magonjwa mengine ya njia ya hewa. Norway walijaribu mafuta ya samaki kwa watu zaidi ya 34,000, nako hakuna. Na mwaka 2025 walipojumlisha upya, sasa majaribio 40 yenye watu zaidi ya 61,000, ile faida ndogo ikawa imefifia mpaka huwezi kuitofautisha na bahati.

Najua haya siyo uliyotaka kusikia. Mtu aliyekuwa chini kabisa kama we bado ana sababu nzuri ya kunywa, hata kama kifua kisingekuwepo kwenye maongezi. Ila kuvitegemea vile vidonge kama ngao, uingie navyo chumba cha mzee anayekohoa usiku wa manane ukiwa na amani kabisa, hapo ndo roho yangu inasita.

Hiyo 115 ya Wamasai na Wahadzabe ni ya kweli, ilipimwa Tanzania na kuchapishwa 2012. Lakini wale waliipata juani, na ngozi ina akili yake, ikishatengeneza ya kutosha jua lenyewe linaivunja ile ya ziada, kwahiyo mtu hazidishi hata akichunga ng'ombe kutwa nzima. Kidonge hakina breki hiyo, ukimeza kimeingia, na vitamini D haitoki kwa mkojo kama vitamini C, inajificha kwenye mafuta ya mwili miezi na miezi. NHS wanasema mtu mzima asipite maikrogramu 100 kwa siku, yaani yuniti 4,000. Kidonge cha shoga ni 10,000, mara mbili na nusu ya hapo, na mafuta ya samaki juu yake yana vitamini D nyingine, na vitamini A ambayo nayo ikizidi ina madhara. Daktari alikupa dozi kubwa kweli, lakini ilikuwa na mwanzo na mwisho, na alikuwa na karatasi ya damu mkononi. Hii ya sasa mwisho wake uko wapi? Kama unaona bado unahitaji nyingi, kipimo kingine cha damu kingekujibu vizuri kuliko grupu. Na zile za yuniti 400 kwenye duka la dawa ni pauni chache tu kwa miezi, sasa toa hizo pauni chache kwenye 35 uone kinachobaki kingefanya nini Tanga.

Haya, tuje kwenye uji.

Nitakuwa mkweli, hapa ndo niliposhtuka, na siyo kwasababu ya siagi. Umetaja kwa kupita tu kidonge cha presha kinachomfanya mumeo atafute choo. Dawa za presha za kukojoza ziko za aina nyingi, na zile za kundi la thayazaidi, ambazo hutumika sana Uingereza, zinafanya figo zishikilie kalsiamu isitoke. Vitamini D nayo kazi yake ni kuingiza kalsiamu mwilini. Vikikutana, na matone yakiwa matatu yaani 6,000, kalsiamu inaweza kupanda kwenye damu, mtu akaanza kusikia kiu, kichefuchefu, choo kigumu, uchovu usioeleweka, na ikiendelea muda mrefu figo na moyo vinaumia. Sisemi limetokea. Pengine kidonge chake ni cha aina nyingine kabisa. Lakini yeye akianza kujisikia vibaya leo, daktari atamuuliza unatumia nini kingine, naye kwa roho safi atajibu hakuna. Hilo ndo linalonitisha, kwamba mtu pekee anayejua ni we, na mara nyingi usiku hata nyumbani haupo. Kwahiyo matone yenyewe ningeyaweka pembeni kuanzia kesho asubuhi, mpaka mtaalamu aseme.

Kumwambia au kunyamaza, hapo we ndo unamjua mumeo. Ukiacha kimyakimya, uji utarudi kuwa uji na pengine hatauliza tena. Ila yaliyoingia bado yamo mwilini kwa muda, na lile jibu la "hakuna" atakalompa daktari litabaki palepale. Tena mkono wako umeshakuwa mzito kwa wiki moja tu, sijui utakuwaje kwa mwaka. Ukimwambia, anaweza kukasirika sana, na ana haki, manake chakula cha mke ndo kitu ambacho mwanaume anakila bila kukichungulia. Anaweza akasusa uji, anaweza akaongea maneno. Lakini jiulize pia, yeye anajua kuhusu ule mwezi uliotuma nusu? Anajua kwamba ukimsikia anakohoa unaanza kuhesabu kodi? Kwenye barua umeniambia mimi, sijaona mahali ulipomwambia yeye. Labda anachokataa siku zote ni vidonge tu, hofu iliyo nyuma yake hajawahi kuonyeshwa. Ungeanza na mama, na yale maneno yake, alafu ndo ukafika kwenye matone, maongezi yangekuwa mengine kabisa. Na chagua siku ambayo hamna zamu wote, asubuhi saa kumi na moja mlangoni siyo mahali pake.

Kuna na njia ya katikati, kwenda na mfamasia kwanza ili ukimwambia uwe na jibu la kumpa pamoja na kosa. Inakupa ujasiri, lakini ina hatari yake pia, siku zinaweza kusogea ukaifanya hiyo ndo sababu ya kuchelewa.

Kuhusu chanjo, ile homa ya siku ya pili naielewa, na mkono kuuma na mwili kuchoka siku moja mbili ni kawaida yake. Lakini chanjo ya sindano haina kirusi hai, haiwezi kukupa mafua. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba watu wanachanjwa msimu ambao virusi vya kila aina vimeshaanza kuzunguka, na chanjo yenyewe inachukua kama siku 10 mpaka 14 kushika, kwahiyo uliyekuwa umeshaambukizwa juzi unaugua kesho na lawama inaenda kwa sindano. Pia inazuia influenza tu, yaani ile homa kali ya mafua, yale mafua mengine na vikohozi vingine haihusiki navyo, ndo maana ulichanjwa na bado ukaugua mara tatu. Hainunui winta nzima isiyo na kikohozi, na siku moja ya mwili kuuma inaweza kukugharimu zamu moja. Ila influenza yenyewe ndo ile ya kulaza mtu wiki nzima, na wale wazee unaowageuza kitandani usiku inaweza kuwaondoa. Ukiamua kuandika jina au kutoandika, nisingependa uamue kwa kumuogopa shoga.

Maana kuhusu shoga, nauli aliyokukusanyia ni fadhila na itabaki kuwa fadhila. Kweli unadhani alizunguka kwenye baridi ile ili siku moja ununue vidonge vyake? Unaweza ukamwambia shoga, daktari kanipa dozi ndogo, hivi vya kwako vimenizidi, na ukaendelea kwenda kwake kunywa chai kama kawaida. Pengine naye mwenyewe anakunywa 10,000 kila siku na hakuna aliyemwambia haya.

Kesho ukitoka zamu, kabla hujalala, tia kwenye mfuko mmoja boksi la dawa ya presha la mumeo, ile chupa ya matone, vidonge vya shoga na mafuta ya samaki, ingia duka la dawa lolote umuombe mfamasia muongee pembeni. Huko halipishwi mtu kwa kuuliza, wala huhitaji miadi. Mwambie matone mangapi na tangu lini, usipunguze idadi. Akisema damu ipimwe, hapo mumeo atahitaji kujua, na utakuwa tayari unajua unamwambia nini. Niandikie alivyosema, na unijulishe hali ya mama.